Nasaha kwa Anayeandaa Kompyuta ya Kazi ya Kanzidata

Kijana aliyeazimia kujifunza kuandika programu za kanzidata aghalabu huanza kwa kuuliza ni kompyuta ipi yenye kasi kuliko nyingine, na wauzaji, ambao riziki yao imo katika jibu la swali hilo, humjibu kwa bashasha. Rai yangu ni kwamba swali la kasi lilistahili kuja baadaye sana. Programu ya mchezo ikikwama, mchezaji hukasirika kisha huanza upya. Lakini programu ya kanzidata ikipoteza mstari mmoja wa malipo katika vitabu vya chama cha kuweka na kukopa, au ikiandika mara mbili dozi ya dawa katika daftari la zahanati, yuko mtu mwingine, ambaye hakupata kuiona kompyuta ile wala kumjua aliyeiandika programu, atakayedhulumiwa kwa kosa hilo. Basi kompyuta ya kazi hii iandaliwe kama inavyoandaliwa nyumba ya mtu anayewekewa amana na majirani zake: kufuli na kitasa vitangulie, mapambo yafuate, tena yakikosekana si hasara.

Tuanze na mashine yenyewe, nayo haihitaji maneno mengi. Kumbukumbu ya GB 8 yamtosha mwanafunzi, na GB 16 humpa nafasi mtu anayefungua kivinjari, kihariri na seva ya kanzidata kwa wakati mmoja. Prosesa ya miaka michache iliyopita haina aibu yoyote. Kitu cha lazima ni diski ya SSD, kwa kuwa kanzidata huishi kwa kusoma na kuandika vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika, ilhali diski ya zamani, yenye sahani zinazozunguka, hulazimika kukisogeza kichwa chake huku na huko kukifuata kila kipande. Mwenye kompyuta mpakato ya mtumba, iliyonunuliwa Kariakoo au Luthuli Avenue, atapata faida kubwa zaidi kwa kuibadilisha diski peke yake kuliko kwa kuiuza mashine na kutafuta nyingine. Na aliye bado mbele ya muuzaji, kabla hajatoa fedha, na afungue dirisha la amri la Windows, aandike powercfg /batteryreport, kisha asome katika ripoti itakayotoka uwezo ambao betri iliundwa nao na uwezo uliosalia. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo habari ya kweli ya betri, wala haifunikwi na maneno ya dukani.

Betri nimeitilia mkazo kwa sababu umeme wetu hukatika bila kuaga, na kanzidata iliyo njema ni miongoni mwa programu chache zilizoundwa makusudi kuikabili saa hiyo. PostgreSQL, ambayo nitairudia hapa chini, haimwambii mtumiaji kwamba muamala wake umekubaliwa mpaka iwe imekwisha kuuandika katika daftari la pekee lililomo ndani ya diski. Kuutia katika majedwali hufuata baadaye, kwa wasaa. Umeme ukikatika katikati, seva ikiamka hulisoma daftari lile, huyakamilisha yale yaliyokuwa yamekwisha kukubaliwa, na yaliyokuwa nusu huyaacha kana kwamba hayakupata kuwako. Ulinzi huu una sharti moja tu, nalo ni kwamba diski isidai kuwa imeandika kabla ya kuandika kweli. Katika faili la mipangilio limo neno fsync, linalosimamia sharti hilo, na wako watu wanaoshauri lizimwe ili kazi iende mbio. Usilizime, hata katika kompyuta ya kujifunzia, maana kanzidata iliyozimiwa neno hilo yaweza kuharibika umeme unapokatika kiasi cha kutofunguka tena. Na fauka ya hayo, mipangilio tuliyoizoea nyumbani ndiyo tunayoinakili, bila kufikiri, katika mashine ya mteja. Mwenye kompyuta ya mezani, isiyo na betri yake, anunue UPS hata kama ni ndogo ya dakika chache. Dakika hizo si za kuendelea na kazi, bali ni za kuhifadhi na kuizima mashine kwa utaratibu.

Likija suala la programu ya kanzidata, mwanafunzi hukuta majina mengi, na baada ya muda hujiona ameyasakinisha yote: MySQL kwa kuwa rafiki yake anaitumia, MariaDB kwa kuwa ni jamaa yake MySQL, MongoDB kwa kuwa amesikia sifa zake, na kila moja hukaa nyuma ya pazia ikila kumbukumbu bila kufanya kazi. Zinazohitajika mwanzoni ni mbili, na zote hutolewa bure. Ya kwanza ni SQLite, iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, ambayo haina seva, wala nywila, wala mipangilio. Kanzidata nzima ni faili moja, na imo ndani ya simu za Android na iPhone, kwa hiyo msomaji wangu ameitumia kwa miaka bila ya kujuana nayo. Yafaa sana kwa majaribio na kwa programu za simu. Walakini ina upole ambao simpendekezei mwanafunzi: uitengenezee safu ya namba kisha utie humo neno, nayo italipokea neno lako bila kinyongo, isipokuwa kama ulilitangaza jedwali hilo kuwa la ukali, jambo ambalo limewezekana tangu mwaka 2021. Ya pili ndiyo PostgreSQL, iliyotokana na kazi ya Michael Stonebraker na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, tangu mwaka 1986, na hii itakukatalia papo hapo na kukueleza sababu. Mimi naona anayejifunza anastahili kukataliwa na mashine mapema, asije akakataliwa na mteja baadaye.

Pengine mtu ataniuliza mbona sikumtajia zana zenye madirisha mazuri, kama pgAdmin na DBeaver. Sizikatai, kwa kutazama uhusiano wa majedwali mengi zina msaada mkubwa. Ila namsihi mwanafunzi aanze na psql, dirisha la maandishi matupu linalokuja pamoja na PostgreSQL, na aandike kila amri kwa mkono wake. Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika maabara ya IBM huko San Jose, alichapisha mwaka 1970 hoja kwamba data ipangwe katika majedwali, na mtumiaji asilazimike kujua imekaaje ndani ya diski. Miaka minne baadaye Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wa kampuni hiyo hiyo, wakatoa lugha ambayo leo twaiita SQL. Tangu siku hizo madirisha yamebadilika mara nyingi, na vitufe vimehamahama, lakini aliyeijua lugha hiyo zamani angeweza kuketi leo na kuuliza jedwali swali lake akajibiwa. Aliyejifunza vitufe peke yake sharti ajifunze upya kila zana inapobadilishwa sura.

Kuhusu mfumo endeshi sina ugomvi na mtu. Windows yafaa, mradi iwe toleo ambalo bado linaletewa marekebisho ya usalama. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mtumba zingali nayo. Ambaye mashine yake haiwezi kubeba Windows mpya asiitupe, bali aiwekee Debian au Ubuntu, ambazo hazidai malipo. Seva nyingi atakazokutana nazo kazini huendeshwa na mifumo ya Linux, kwa hiyo atakuwa ameanza kuizoea kazi kabla ya kuajiriwa. PostgreSQL hutoa toleo kubwa jipya kila mwaka, na kila toleo hutunzwa kwa miaka mitano. Chagua la karibuni lililokwisha kutangazwa rasmi, na uyaepuke yaliyo katika majaribio. Siku hiyo hiyo ya kusakinisha, bando lingalipo, pakua pia kitabu chake cha maelezo. Kina kurasa zaidi ya 2000, hutolewa bure, na kimeandikwa kwa ufasaha ambao ni nadra katika vitabu vya aina yake. Intaneti ikikosekana, nacho kikiwa katika diski, kazi haisimami.

Sasa nakuja kwenye kufuli. Ikishasakinishwa, PostgreSQL husikiliza katika mlango namba 5432, na kwa desturi husikiliza maombi yatokayo ndani ya kompyuta hiyo hiyo tu. Iache hivyo hivyo. Programu yako na kanzidata yako zikiwa ndani ya mashine moja, hakuna haja ya kuifungulia seva mlango wa nje, hasa kwa mtu anayefanya kazi katika mkahawa au bwenini, ambako hajui ni nani mwingine aliyeunganishwa na mtandao ule. Kadhalika, usifanye kazi za kila siku kwa jina la mtumiaji mkuu, postgres, ambaye haulizwi neno na anaweza kufuta kila kitu. Jitengenezee mtumiaji wa jina lako, umpe ruhusa ya kanzidata unayoishughulikia tu, na kila kazi iwe na kanzidata yake. Lipo faili moja, pg_hba.conf, linaloamua nani aingie na kwa njia gani, na limewatesa wanafunzi wengi: nywila ikikataliwa mara mbili tatu, mtu huambiwa na wenzake aandike humo neno trust, naye huandika, mlango hufunguka, kazi huendelea, na neno lile husahauliwa humo milele. Maana yake ni kwamba seva imeambiwa imwamini yeyote atakayejitaja. Ukiona neno hilo katika mashine yako, kwanza weka nywila upya na kuiandika mahali pa siri, kisha liondoe, uweke scram-sha-256. Na mahali hapo pa siri pasiwe ndani ya programu yenyewe, ambayo kesho utampelekea mwenzako aikague makosa.

Lipo jambo moja ambalo vitabu vya wageni hulipita mbio, na kwetu ni la kila siku. Katika SQL, maneno hufungwa kwa alama ile ile tunayoiandika katika ng'ombe na ng'ambo, yaani ritifaa. Mwanafunzi akiunganisha maneno kwa mkono ili kuingiza jina la kaunti ya Murang'a katika jedwali, seva itadhani neno limekwisha pale penye ritifaa, na herufi inayobaki itaonekana kuwa amri isiyoeleweka. Vivyo hivyo kwa mtaa wa Ng'ambo wa Unguja, na kwa kila Nyong'o na Ng'ang'a. Kuirudia ritifaa mara mbili huponya kwa muda. Dawa yenyewe ni kutoyachanganya kamwe maneno ya mtumiaji na maneno ya amri, bali kuyapitisha kando kama vigezo, njia ambayo karibu kila lugha ya programu inayo. Na njia hiyo ndiyo inayomzuia pia mwizi anayeandika amri ya kufuta mahali palipotakiwa jina lake. Kwa hiyo, unapotia data ya majaribio katika kanzidata yako mpya, usitie majina mepesi ya Juma na Asha peke yake. Tia majina yenye ritifaa, na uyatie mara mbili: mara moja kwa ritifaa iliyonyooka ya kibodi, na mara nyingine kwa ile iliyopinda ambayo simu na vichakata maneno huiweka bila kuombwa. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa kanzidata ni herufi mbili mbalimbali, na mteja atakayemtafuta mtu kwa moja hatampata aliyeandikwa kwa nyingine, mpaka uwe umeamua kuzigeuza zote kuwa moja kabla ya kuzihifadhi. Na hakikisha kwamba kanzidata imeundwa kwa UTF-8, ambayo hupokea herufi za Kiarabu za hati zetu za kale sawasawa na hizi tunazozitumia leo.

Saa nayo ina fitina zake. Weka majira ya kompyuta kuwa ya Afrika Mashariki, saa tatu mbele ya UTC, na nyakati zote uzihifadhi katika aina inayoitwa timestamptz, ambayo hutunza wakati kwa UTC na kumwonyesha kila mtu kwa saa za mahali alipo. Kwa mfanyabiashara mwenye duka Dar es Salaam, wakala Bujumbura aliye nyuma yake kwa saa moja, na mshirika Muscat aliye mbele kwa saa moja, hili si pambo. Lakini hakuna aina ya data itakayokuokoa na karani aliyeandika saa 2 akikusudia saa mbili ya asubuhi, ambayo kwa kompyuta ni saa 8. Hapo suluhisho ni fomu inayomwonyesha mtu mara moja alichokiandika kwa maneno, na kumwuliza kama ndicho. Fedha zihifadhiwe katika aina ya numeric, kwa kuwa namba za desimali zinazoelea hukadiria, na sehemu ya kumi ukiijumlisha na sehemu mbili za kumi hazikupi sehemu tatu kamili. Namba ya simu si namba ya kujumlishwa. Iwe maandishi, ama sifuri yake ya mbele itapotea.

Nimeliacha hadi sasa lile ambalo, kama msomaji angekuwa na subira ya kusikia neno moja tu, lingekuwa ndilo: nakala ya akiba. Kuna amri iitwayo pg_dump, inayotoa kanzidata nzima kuwa faili moja, nayo iendeshwe kila siku ya kazi kwa ratiba ya mashine, si kwa kukumbuka. Kunakili kabrasha la data la seva ilhali seva inafanya kazi si nakala ya akiba, hata kama faili zote zinaonekana kuwamo. Na nakala ambayo haijapata kurejeshwa haijulikani kama ni nakala. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, akidhani yumo katika seva ya pembeni, alifuta kabrasha la data la seva kuu. Walipozitafuta nakala zao wakakuta pg_dump ilikuwa ikishindwa kimyakimya, kwa kuwa toleo lake lilikuwa la zamani kuliko la seva, na barua pepe za kuwaarifu zilikuwa hazifiki. Kilichowaokoa ni nakala ya diski aliyoichukua mtu kwa mkono takriban saa sita kabla yake, na data ya saa hizo sita haikurudi. Kampuni hiyo ilifanya jambo la kiungwana ikalieleza tukio zima hadharani, nasi twaweza kujifunza bila kulipa. Mara moja kila mwezi, tengeneza kanzidata tupu, irejeshee nakala yako, uhesabu mistari, ufungue rekodi chache kwa macho yako. Katika faili la mipangilio ya psql, liitwalo psqlrc, zima ukubalifu wa moja kwa moja, ili kila amri ya kufuta ingoje neno COMMIT kutoka kwako, na ukiona imegusa mistari 4000 badala ya mmoja uweze kuandika ROLLBACK na kuitangua. Na palipo na seva mbili, iambie psql ionyeshe jina la kila moja kwa rangi yake.

Nakala iwe pia nje ya kompyuta, maana mwizi huchukua mashine na diski yake pamoja. Hapa tahadhari na flashi za bei ya kushangaza, zilizoandikwa ukubwa ambao hazina: hupokea faili zako zote, huonyesha majina yake, na zilizozidi uwezo wake wa kweli huwa tupu ndani. Katika Windows iko programu ndogo ya bure, H2testw, inayoijaza flashi mpaka mwisho kisha kuisoma tena na kukuambia ukweli wake. Katika Linux iko f3 yenye kazi hiyo hiyo. Ijaribu flashi siku ya kuinunua, risiti ingali mfukoni.

Mwisho ni habari ya data za watu. Mteja akikupa kazi, hukupa pia, kwa kutojua au kwa haraka, nakala ya kanzidata yake halisi yenye majina, simu na madeni ya watu, nawe waweza kuiweka katika kompyuta unayopanda nayo daladala. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote mbili zinamwajibisha anayezishika taarifa hizo, wala hazimsamehe kwa kuwa ni kijana anayejifunza. Fungia diski nzima kwa BitLocker au LUKS, ili mwizi apate chuma tu. Omba muundo wa majedwali bila data, na utengeneze data ya uongo ya kufanyia kazi. Ikiwa huna budi kuipokea ile halisi, ipokee kwa maandishi yanayosema ni ya kazi gani na hadi lini, na kazi ikiisha ifute katika kompyuta, katika flashi, na katika simu uliyoitumia kuipokea, kisha umwarifu mwenyewe kwamba umefuta.